Mtihani wa Kipande Kimoja

Wapo wanawake wanaoposwa kwa barua, na wapo wanaoposwa kwa kutumiwa wazee. Mwokaji wa ghorofa ya nne alikuwa akingoja kuposwa kwa kipande cha keki, tena kipande chenyewe si yeye wa kukila. Kilipaswa kuliwa na mwanamume, polepole, mbele ya shahidi mwenye saa.

Ukimtazama usingejua. Watu wa jengo lile walimwita Friji, na hawakumwita hivyo kwa ubaya. Alikuwa mrefu, mkimya, aproni nyeupe tangu asubuhi hadi jioni, na hata ukimweleza msiba wako alikusikiliza mpaka mwisho bila uso wake kubadilika. Asubuhi hiyo ya Jumamosi aliipanga meza kama anavyopanga oda za maofisini. Keki ya chungwa na mdalasini ilikaa katikati, imekatwa vipande kumi na viwili. Pembeni yake kulikuwa na mikate ya maziwa iliyopakwa siagi ikiwa bado ya moto, keki ndogo za chokoleti kwenye vikaratasi vyake, na mkate uliosokotwa kama nywele za mtoto wa shule. Kwenye kona ya meza, karibu na dirisha, aliweka kopo la biskuti za tangawizi, kifuniko wazi. Moyoni alikuwa na hofu, hofu ya kweli, ila hakuona sababu ya kuionyesha.

Mama yake alikuwa amempigia simu saa moja asubuhi.

"Mwanangu, hebu nieleze tena. Mwanamume wa miaka arobaini anafanyiwa mtihani wa kula?"

"Ndiyo, mama."

"Na msimamizi ni dada yake?"

"Ndiyo."

"Sasa anayeomba ruhusa ya kula kwa dada yake, ya kuoa ataiomba kwa nani?"

"Kwa huyo huyo, mama. Ndiyo maana kuna mtihani."

Mama akaguna. "Una miaka thelathini na sita. Mimi sisemi kitu," akasema, kisha akasema kwa dakika kumi nzima.

Huyo mwanamume alikuwa fundi wa lifti, na kila mtu alimwita Fundi tu. Walikutana miaka minne nyuma, lifti ya jengo ilipokwama katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu, ndani yumo Mwokaji na keki ya harusi ya ngazi tatu. Baada ya saa nzima mlango ulibanduliwa kidogo kwa juu, kikatokea kichwa cha mtu.

"Dada, kuna aliyeumia humo?"

"Hakuna. Pokea keki kwanza, mimi nitafuata. Na usiiguse pembeni."

Fundi alipokea keki, akampokea na mwenye keki. Kwa shukrani Mwokaji akampandisha hadi mlangoni kwake, akampa kopo la vichwa. Keki za kupandishana lazima zikatwe juu ili zikae sawa, na vile vipande vinavyokatwa ndivyo waokaji wanaviita vichwa. Haviuzwi. Fundi akala kopo zima akiwa amesimama kizingitini, mkono mmoja una spana, akasema kwa mdomo uliojaa, "Tamu sana." Kesho yake akapita tena. Na kesho kutwa. Ikawa ndiyo desturi: akitoka kazini anapita, anasimama pale pale, anakula mpaka kitako cha kopo kionekane, anasema tamu sana, anaaga.

Kitu kimoja Mwokaji alikigundua mapema sana, wala hakumwambia mtu. Fundi alikuwa akiondoka kopo likiisha. Basi yeye akawa analijaza zaidi. Vichwa vilipokuwa vichache aliongeza keki nzima nzima alizozikatakata zifanane na vichwa.

Miezi saba iliyopita Fundi alianguka kwenye ngazi ya chumba cha mitambo, kwenye jengo jingine kabisa. Kumpima, wakakuta sukari iko juu kuliko lifti zake zote. Dada yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamchukua akamweka kwake. Kliniki kulikuwa na mama mmoja mshauri wa lishe ambaye hakumpigia marufuku chakula hata kimoja. Alimfundisha kula kwa utulivu. Kaa chini. Kitazame chakula. Kinuse. Tia kidogo mdomoni, weka uma chini, tafuna mpaka ladha iishe, sema umeonja nini, kisha uliulize tumbo kama bado linataka. Fundi akashika somo. Mkanda wake ukatobolewa tundu jipya, mara mbili.

Ndipo alipomwambia dada yake kwamba anataka kuoa, na anataka kumwoa nani.

"Yule mwenye makopo?" Dada Mwalimu aliuliza. "Mtu ameponea chupuchupu, sasa anataka kuhamia chumba cha mochwari kinachonukia vanila?"

Wakazozana wiki tatu. Mwishowe Dada Mwalimu akatoa neno lake. Kula kwa utulivu mezani kwake, mbele ya mchicha, hata mbuzi anaweza. Anataka amwone mezani kwa yule mwanamke, meza imejaa, saa nzima, kipande kimoja. Akifaulu, atakwenda yeye mwenyewe kupeleka posa. Akishindwa, mlango ule asiuone tena. Na Fundi hakuwa mtu wa kuoa bila baraka ya dada yake. Mwokaji alilijua hilo, na kwa namna fulani ndiyo sababu mojawapo ya kumpenda.

Alimpenda. Tuliseme mapema lisije likatusumbua. Alimpenda mpaka alfajiri hiyo akafanya kitu ambacho hajawahi kumfanyia mteja.

*

Walifika saa nne kasoro. Fundi alikuja kwa lifti. Dada Mwalimu alikuja kwa miguu, ngazi zote, akahema kizingitini akiwa ameshika mkoba kifuani.

"Lifti inafanya kazi, Mwalimu," Mwokaji alimwambia.

"Najua. Mtengenezaji nimemlea mwenyewe, namjua."

Fundi akacheka. Alikuwa amekonda shingo, na shati lake, ambalo zamani lilibana vifungo, sasa lilikaa kama la kuazima. Akamtazama Mwokaji kwa muda mfupi kuliko alivyotaka, Mwokaji akageuka kurekebisha kisahani ambacho hakikuwa na kosa. Walikuwa hawajaonana miezi miwili.

"Karibu kiti, Mwalimu." Nyumba ile ilikuwa na viti viwili. Mwokaji akavuta kimoja.

"Ahsante. Msimamizi hakai."

"Ni saa nzima."

"Nimesimamia mitihani miaka ishirini na sita, binti. Nikikaa, watoto wanaibia." Akaenda kusimama dirishani, kwenye kona ya meza, akavua saa ya mkononi na kuiweka mbele yake. "Haya. Mtahiniwa akae. Meza ameiona?"

"Nimeiona, dada."

"Imejaa?"

"Imejaa mno."

"Mate?"

"Yapo," Fundi alikiri.

"Vizuri. Anza."

Mwokaji akamwekea kisahani. Kipande cha keki ya chungwa, kizuri, rangi ya dhahabu juu. Fundi akakaa wima, mikono magotini, akakitazama. Dakika moja ikapita. Pale ambapo zamani kopo lingekuwa nusu, yeye alikuwa bado anatazama kipande cha keki kama mtu anayesoma barua. Kisha akainama, akanusa. Mwokaji alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono imefungwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne aliona kope za mwanamume huyu akiwa anakula. Zamani alikuwa akiona paji la uso tu, kwa kuwa kichwa kilikuwa ndani ya kopo.

Fundi akakata kidogo kwa uma, akatia mdomoni. Akaweka uma chini. Akatafuna.

Akaacha kutafuna.

Akaendelea tena, polepole zaidi.

"Sema umeonja nini," Dada Mwalimu akaamuru. "Ndiyo masharti ya kliniki."

"Chungwa," Fundi alisema. "Ganda lake, si maji yake. Mdalasini. Siagi. Chumvi kwa mbali." Akainua macho kumtazama Mwokaji. "Sukari hamna."

Sauti ya lifti ikasikika ikishuka.

"Hamna vipi?" Dada Mwalimu akauliza. "Kidogo?"

"Hamna kabisa, dada."

Dada Mwalimu akakigeuza kichwa chake taratibu kumwelekea Mwokaji. "Binti. Kipande hiki kimetoka kwenye keki ile pale?"

Mwokaji hakuwa mwongo mzoefu. "Hapana," akajibu. "Nimekioka peke yake, kwenye trei ndogo. Sukari ndiyo inayoipa keki rangi, bila sukari inabaki nyeupe. Kwa hiyo nikakipaka yai juu."

"Ukakipaka yai."

"Ndiyo."

"Umemfanyia mtahiniwa majibu!" Mwalimu akapiga makofi mara moja. "Njia ya mwongo fupi. Hata dakika kumi hazijatimia!" Na kwa hasira hiyo mkono wake ukaenda pembeni, ukaokota biskuti kwenye kopo, ukaitia mdomoni, akaendelea kusema. "Mtihani umefutwa. Nilijua mimi. Wewe nawe, inuka twende."

Fundi hakuinuka. Alikuwa anamtazama Mwokaji, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umeumia, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Kwa nini?" akamuuliza.

"Ungenyamaza tu," Mwokaji akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote. "Ungesema tamu sana. Umelisema miaka minne."

"Nililisema bila kujua ninakula nini. Leo ndiyo mara ya kwanza ninajua, ndiyo ninyamaze?"

"Ungefaulu."

"Ungefaulu wewe. Mimi ningekuwa mtu aliyekula keki ya hospitali kwenye nyumba ya mchumba wake." Akakisukuma kisahani mbali kidogo. "Dada ananiona mtoto. Sawa, amenilea, ana haki yake. Wewe unaniona mgonjwa. Sasa nani ataniona mume?"

Mwokaji alijua kupima unga kwa mkono, alijua oveni imepata moto kwa kuusikia mlango wake, ila maneno ya namna hii hayakuwa kazi yake. Aliona kwamba asiposema kweli sasa hivi hatakuwa na nafasi tena. Akafungua mikono.

"Niliogopa. Si kwamba wewe ungeshindwa. Niliogopa mimi. Ulikuwa ukiondoka kopo likiisha. Kila siku. Likiisha tu, unaaga. Kwa hiyo nikawa nalijaza. Vichwa vikipungua nakata keki nzima. Keki za kuuza. Miaka minne nilikuwa nakujaza sukari ili ukae dakika tano zaidi. Ulipoanguka, nilijua ni nani aliyekuangusha."

"Aa! Kwa hiyo ni wewe!" Mwalimu akasema, na mkono ukaenda tena koponi.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Si yeye, dada," Fundi akasema. "Kopo lilikuwa lake, mkono ulikuwa wangu." Kisha akamgeukia Mwokaji, na sasa alionekana kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyopanga miaka mingi ilikuwa yake. "Ulidhani ninakuja kwa ajili ya keki?"

"Ungedhani nini, ungekuwa mimi?"

"Mimi nilikuwa nakula ili niwe na udhuru wa kusimama pale. Mtu amesimama mlangoni kwa mwanamke, chakula kimekwisha, anafanya nini? Si anaaga? Hukuwahi kuniambia nikae."

Mwokaji akafikiri. Akarudi nyuma siku moja moja, miaka minne. Ilikuwa kweli. Alimwambia karibu, alimwambia shika kopo, alimwambia pole na kazi. Kaa, hakumwambia hata siku moja. Alidhani mtu mwenye miguu yake akitaka kukaa atakaa.

"Sasa kama ulitaka kubaki," akasema, "si ungekula polepole?"

Fundi akalifikiria hilo kwa dhati. "Sikujua kwamba inawezekana," akajibu.

Mtu mwingine angecheka. Mwokaji alisikia kitu kinamlegea chini ya mbavu, akakiacha kilegee. Akavuta kile kisahani cha keki isiyo na sukari, akakiweka juu ya jiko. Akachukua kisu, akaenda kwenye keki kubwa, ile halisi, yenye sukari yake kamili na maganda yake ya chungwa yaliyoganda kwa asali. Akachomoa kipande, akakiweka mbele yake.

"Hiki hakina hila," akasema. "Kula kama mume."

"Mtihani nimeshaufuta," Dada Mwalimu akasema.

"Basi huu si mtihani, Mwalimu. Mgeni wangu anakula keki." Kisha akamgeukia Fundi na kuongeza neno ambalo lilikuwa limechelewa miaka minne. "Kaa."

"Nimekaa."

"Najua. Nimetaka kusema tu."

*

Akaanza upya. Akatazama, akanusa. Alipotia mdomoni safari hii alifumba macho, na mkono wake wa kushoto, ulioachwa juu ya meza, ukakunja ngumi. Hapo ndipo Mwokaji alipojua kwamba mambo si mepesi. Utamu ulikuwa umempata mtu wa miezi saba kavu. Keki ndogo za chokoleti zilikuwa umbali wa kiganja. Mkate uliosokotwa ulikuwa ukitoa mvuke. Fundi akaweka uma chini, na ulipogonga kisahani mlio wake ukaonyesha kwamba ameuweka kwa nguvu.

"Umeonja nini?" Mwokaji akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Ngoja." Akatafuna mpaka mwisho. "Kuna asali juu. Chungwa linakuja mwanzo, halafu linapotea, halafu linarudi likiwa chungu kidogo." Akafungua macho. "Hivi miaka yote ilikuwa hivi?"

"Miaka yote."

"Nisamehe."

Dada Mwalimu hakuwa akisikiliza. Alikuwa akihutubia dirisha. "Watu wanadhani mimi mkatili. Mimi si mkatili. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Niliachiwa ana miaka tisa, mimi nina kumi na saba. Nani alimpikia? Nani alimfulia? Leo aje mtu na siagi yake..." Kwa kila nani, mkono wake ulikwenda koponi na kurudi. Mkono ule ulikuwa na safari zake, haukumwomba ruhusa mwenyewe. Mwokaji alikuwa ameuona tangu mwanzo. Alitazama tu, kama anavyotazama unga unaoumuka.

Fundi alikata tonge la tatu, la nne. Kila mara uma chini. Kila mara akanyamaza kidogo, mkono tumboni, kama anamsikiliza mtu wa ghorofa ya chini. Walizungumza katikati. Aliuliza jinsi biashara inavyokwenda, akaambiwa shule moja inataka mikate kila Jumatatu. Aliulizwa kuhusu kazi, akasema sasa anapanda ngazi za mitambo bila kusimama. Yalikuwa mazungumzo ya kawaida kabisa, ya watu wawili walio mezani, na Mwokaji akagundua kwamba hawajawahi kuwa nayo. Akavuta kile kiti cha pili, akakaa mbele yake.

Kipande kilipofika nusu, Fundi aliweka uma chini na hakuuinua tena.

"Nimeshiba," akasema.

Mwokaji akakitazama kile kilichobaki. Keki yake haijawahi kurudishwa nusu. Kwa sekunde moja moyo wa mwokaji ukamuuma. "Hukuipenda?"

"Naipenda. Nimeshiba. Na bado nipo."

Ni kweli, alikuwa bado yupo.

"Saa imetimia?" Fundi akauliza kwa sauti. "Dada?"

Dada Mwalimu akageuka kutoka dirishani kuangalia saa yake. "Bado dakika..." Mkono wake ukaingia koponi, ukapapasa, kucha zikakwaruza bati. Akainama kuangalia. Ilibaki biskuti moja.

Hakuna aliyecheka.

"Dada," Fundi akasema kwa upole, upole ambao huwezi kuuigiza. "Zina ladha gani?"

"Nini?"

"Hizo biskuti."

Dada Mwalimu akafungua mdomo ajibu. Alikuwa mwanamke aliyekuwa na jibu la kila kitu, mpaka la maswali ambayo hayakuwa kwenye mtaala. Mdomo ukabaki wazi. Akalitazama kopo, akatazama makombo kwenye kifua cha blauzi yake, akayakung'uta taratibu.

"Sijui," akasema.

"Ndivyo nilivyokuwa mimi."

"Nimekula kopo zima?"

"Karibu zima, Mwalimu," Mwokaji akasema.

"Na ninyi mnanitazama tu!"

"Msimamizi hasimamiwi," Fundi akajibu.

Hapo Dada Mwalimu akajitahidi kukasirika, akashindwa. Mabega yalishuka. Akasimama pale kwenye kona yake akiwa amelishika kopo kwa mikono miwili, na alipoongea tena hakuwa anahutubia mtu.

"Mimi siwezi kukumbuka lini nimekula nimekaa. Wewe ulikuwa unakula mezani na kitabu chako, mimi nimesimama jikoni namalizia ulichoacha, maana nina nguo za kufua, nina kazi ya shule. Ukiniona natafuna ulikuwa unatafuna haraka na wewe, unadhani tunashindana. Kwa hiyo hata hilo umelipata kwangu. Nimekuja hapa kumtafuta aliyekuharibu."

"Hukuniharibu, dada. Ulinilisha."

"Hata yeye alikulisha," Dada Mwalimu akasema, akimwonyesha Mwokaji kwa kidevu. Ndilo lilikuwa neno jema la kwanza kumtolea, na lilitoka kana kwamba limempita bila kukusudia.

Mwokaji akainuka. Akakishika kile kiti chake kwa mgongo, akakivuta kuelekea dirishani, akakiacha hapo bila kusema karibu. Dada Mwalimu akakitazama kwa muda mrefu. Halafu akakaa, pembeni pembeni, kama mtu anayejaribu kiti cha dukani. Akaitoa ile biskuti ya mwisho. Akaitazama. Akainusa, akamwangalia mdogo wake kwa jicho la kujihami, Fundi akajifanya anaangalia dari. Akang'ata kidogo, akatafuna mpaka mwisho.

"Tangawizi," akasema.

"Ndiyo," Mwokaji akajibu.

"Na pilipili manga."

"Kidogo sana. Wewe ni mtu wa kwanza kuigundua."

Dada Mwalimu akaimaliza ile biskuti kwa dakika nne nzima kwa saa yake mwenyewe. Kisha akavaa saa, akachukua mkoba, akasimama. Alikuwa mwalimu tena.

"Inuka, twende. Saa imetimia."

Matokeo hakuyatangaza. Fundi akainuka, akaenda mlangoni, na alipopita karibu na Mwokaji akasimama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyoruhusiwa mbele ya dada mkubwa. Mwokaji hakusogea. Akachukua bakuli kabatini, akakifunika kile kipande nusu pale pale mezani.

"Cha nani hicho?" Dada Mwalimu akauliza kutoka kizingitini.

"Chake."

"Si ameshiba?"

"Ameshiba. Hajamaliza." Mwokaji akalisawazisha bakuli kwa kidole. "Na yeye huwa haondoki mpaka kiishe, Mwalimu. Ndiyo desturi ya hapa."

Dada Mwalimu akalitazama bakuli, akamtazama mdogo wake ambaye alikuwa amesahau kufunga mdomo. Akaanza kushuka ngazi. Walisikia viatu vyake hatua tatu, nne, kisha vikasimama.

"Kesho saa nne nitakuja naye," sauti yake ikapanda. "Mwambie mama yako awepo, nina maneno naye ya kiutu uzima."

"Nitamwambia."

"Na uniwekee kiti, wifi."

Viatu vikaendelea kushuka. Fundi akamkimbilia, akiruka ngazi mbili mbili, lifti yake mwenyewe ameisahau.

Mwokaji akabaki peke yake na meza iliyojaa. Ilikuwa bado saa tano na ushei, na kesho ilikuwa mbali. Lakini viti vilikuwa viwili na watu wangekuwa wanne. Akavua aproni, akatoka kwenda kugonga kwa jirani kuazima vingine, na jirani alipofungua mlango alimkuta Friji akicheka waziwazi, meno yote nje, wala hakuona sababu ya kuificha furaha yake.